Mutu Alitoka Wapi? Ulizo la Somo la Biolojia na la Somo la Dini



Mu trimestre iliyopita kulitokea jambo moja mu darasa yetu, na tangu siku ile kila mutu analieleza kwa namna yake. Mwalimu wa biolojia alitupatia interogasio. Ulizo la tatu lilikuwa hili: «Toa mambo mawili yenye kuonyesha ya kwamba aina za viumbe zinabadilika.» Mwenzetu mumoja, tena mwenye akili mingi, aliandika mustari mumoja tu: ya kwamba Mungu ndiye aliumba mutu, na yeye mwenyewe hakutoka kwa nyani. Akapata zero kwa ulizo lile.

Kesho yake asubui, baba yake, ambaye ni muchungaji, alifika ku masomo na Biblia mu mukono. Aliuliza: «Bwana Prefe, mutoto anasema kweli, munamupatia zero. Hii iko masomo ya Kanisa ao iko masomo ya wapagani?»

Mwalimu hakukasirika. Alijibu kwa heshima: «Baba Muchungaji, sikumupatia zero juu ya imani yake. Kama ningemuuliza Ziwa Kivu iko na urefu gani, na yeye anajibu ya kwamba Mungu ndiye aliliumba, ile jibu iko ya kweli, lakini haiko jibu ya ulizo langu.»

Wale wazee wawili waliongea wakati murefu mu biro ya Prefe. Sisi tulibakia inje tukigawanyika. Wamoja walisema evolisio iondolewe kabisa mu masomo ya Kikristo. Wengine walisema hapana, mwalimu afundishe mambo yote mawili mu saa moja ya biolojia, evolisio na uumbaji, upande kwa upande, kisha mwanafunzi achague. Wazo hili la pili lilipendeza watu wengi, sababu linaonekana kuwa la haki. Kisha mazungumuzo ile, Bwana Prefe alituomba sisi wafinalisti wa biolojia-kemia tutafute mambo haya muzuri na kuyaandika hapa. Tulisoma, tukauliza mwalimu wa biolojia, tukauliza na mwalimu wa dini. Kwa mambo mingi hatukusikilizana. Kwa jambo moja tulisikilizana, na mutaliona mbele.

BIOLOJIA INASEMA NINI KWELI

Tuanze na kuondoa kosa moja. Watu wanafikiri evolisio inasema ya kwamba siku moja nyani alizaa mutu. Hakuna kitabu cha biolojia chenye kusema vile. Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe mu 1859. Alieleza ya kwamba viumbe vinabadilika pole pole sana, na aina tunazoona leo ziko na mababu wamoja, sawa vile wandugu wa jamaa mbili wanakutana kwa babu mumoja. Kwa hiyo chimpanzee na bonobo (bonobo haipatikane mu pori ya inchi yoyote ingine, ni mu Kongo yetu tu) hawako baba zetu. Wako kama watoto wa baba mukubwa na baba mudogo. Wataalamu wanakadiria ya kwamba babu wetu wote aliishi karibu miaka milioni 6 ao 7 iliyopita, na yeye hakukuwa mutu wala chimpanzee.

Darwin alieleza pia njia ya mabadiliko. Watoto wanazaliwa na tofauti ndogo ndogo. Kama tofauti moja inasaidia kiumbe kuishi mu fasi yake, kile kiumbe kinazaa kupita vingine, na watoto wake wanariti tofauti ile. Njo wanaita uchaguzi wa asili.

Mufano haiko mbali. Sisi wote tunajua jamaa fulani yenye mutoto wa damu SS, na tumesikia wachungaji wakiambia wachumba waende kupima damu mbele ya ndoa. Mutoto anayeriti S kwa baba na S kwa mama anateseka sana, na zamani wengi walikufa wangali wadogo. Sasa tujiulize: kitu kinachoua watoto namna hii, juu ya nini hakikupotea mu watu tangu zamani? Daktari Anthony Allison, aliyekomalia Kenya, alitoa jibu mu 1954. Mutu wa AS, mwenye kuriti S moja tu, analindwa kwa malaria kali kupita mutu wa AA. Fasi malaria iko mingi, AS wengi waliishi na kuzaa, na ile S ikabakia. Fasi malaria haikuwa, S haikusaidia mutu yeyote, na haipatikane sana. Kwa hiyo tunapofundishwa juu ya uchaguzi wa asili, hatufundishwe juu ya nyama za mbali. Tunafundishwa juu ya damu yetu na juu ya ndoa zetu.

Wale wa Uvira, Baraka na Kalemie wanajua samaki kuhe, ambaye anaweza kufika sentimetre 80. Mu Ziwa Tanganyika ile ile kuko ndugu yake mudogo kabisa, wa sentimetre 3 ao 4, mwenye kuishi ndani ya ganda la konokono. Jamaa hiyo ya samaki iko na aina karibu 240 mu ziwa, na karibu zote hazipatikane fasi ingine mu dunia. Wataalamu waliosoma damu yao wanaona ya kwamba walitokana wao kwa wao mule mule ndani ya ziwa. Tena dawa: chloroquine iliponyesha wazazi wetu malaria, leo haiponyeshe tena, sababu vile vidudu vyenye kuvumilia dawa ndivyo vilibakia na kuzaa.

Mutu atasema: «Lakini hiyo iko teoria tu.» Mu mazungumuzo ya barabarani teoria ni wazo la mutu. Mu sayansi ni maelezo yaliyopimwa mara mingi na hayakuangushwa. Ya kwamba mikrobi inaleta magonjwa, ile pia wanaiita teoria, na hakuna mama mwenye kukataa kuchemsha maji wakati wa kolera juu ya neno lile.

MUJI MUDOGO WA DAYTON

Ulizo letu haliko mupya. Wamarekani waliligombania miaka 80 na zaidi mu tribinali zao. Na sababu wamisionere wengi walioleta makanisa yetu walitoka kule, mara mingi maneno tunayosikia ku mimbara juu ya Darwin yametoka kule pia, bila sisi kujua habari yenyewe.

Mu Machi 1925, jimbo la Tennessee liliweka sheria: mwalimu wa masomo ya Leta asifundishe ya kwamba mutu ametokana na nyama. Mwalimu kijana wa miaka 24, John Scopes, wa muji mudogo wa Dayton, alikubali kushitakiwa ili sheria ipimwe. Kesi ilifanyika mu Julai mwaka ule. Upande wa sheria kulikuwa William Jennings Bryan, Mukristo mwenye kujulikana, aliyetafuta uprezidenti wa Marekani mara tatu. Upande wa Scopes kulikuwa avoka Clarence Darrow. Darrow alimuita Bryan mwenyewe atoe ushahidi juu ya Biblia, na mbele ya watu wote Bryan alikubali ya kwamba siku za uumbaji zinaweza kuwa nyakati ndefu, si siku za saa 24. Wakristo wengine wenye walikuja kumusikiliza walishangaa. Scopes alipata azabu ya kulipa dola 100. Kisha miaka miwili tribinali ya juu ilifuta azabu ile, juu ya kosa la namna ilivyowekwa. Bryan yeye alikufa siku tano kisha kesi. Sheria ilibakia mpaka 1967.

Watu wanacheka Bryan. Sisi hatutamucheka, sababu woga wake haukuwa wa bure. Aliogopa ya kwamba wenye nguvu watatumia maneno ya Darwin kwa kukanyaga wazaifu. Na kitabu ambacho Scopes alikitumia, cha George Hunter, kilipanga watu wa dunia kwa rangi, na kikaweka wazungu juu ya wengine wote. Juu ya rangi ya ngozi, Bryan mwenyewe hakukuwa mutetezi wetu. Lakini kitabu kile kilikuwa pale ku meza, na wanafunzi walikisoma kama sayansi.

OTA BENGA

Hapa tunafika ku jambo ambalo lilituuma zaidi mu kazi hii, na tunaomba musomaji asilipite mbio.

Wakati muchungaji, baba ya mwenzetu, anasikia «mutu na nyani,» hasikie maneno ya biolojia. Anasikia tukano. Wazazi wetu waliitwa nyani na wakoloni, mu kazi, mu barabara, hata mu masomo. Na kuko Mukongomani mumoja ambaye hawakumuita tu, walimuweka kweli.

Jina lake ni Ota Benga, mutu wa watu wafupi wa pori, kijana wa miaka karibu 23. Mumarekani Samuel Verner, ambaye zamani alikuwa misionere wa Kipresbiteri mu Kasai, alimupeleka Marekani mu 1904, aonyeshwe pamoja na watu wengine mu maonyesho makubwa ya Saint Louis. Mu Septemba 1906, alijikuta mu bustani ya nyama ya Bronx, New York. Direkta wa bustani, William Hornaday, alimuweka mu nyumba ya nyani, mu kizimba pamoja na orangutani. Meno yake yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya kwao, na watu walikuja kwa maelfu kuyaangalia na kumucheka.

Nani alisimama kumutetea? Wachungaji weusi wa kanisa la Baptisti. Muchungaji James Gordon, aliyeongoza nyumba ya yatima mu Brooklyn, alienda kwa wakubwa wa muji na kusema ya kwamba watu weusi wamedharauliwa vya kutosha, haifai kuonyesha mumoja wao pamoja na nyani. Alisema tena ya kwamba onyesho lile lilitaka kuhakikisha maneno ya Darwin, na kwamba maneno yale yanapinga dini ya Kikristo. Mbele mwezi ule uishe, Ota Benga alitoka mule na akaenda kukaa kwa Gordon. Kisha alipelekwa Lynchburg, Virginia, akasoma ku masomo ya Wabaptisti, akafanya kazi mu fabrike ya tumbaku. Alitamani kurudi kwao Kongo, lakini njia haikupatikana. Tarehe 20 Machi 1916 alijipiga risasi. Shirika lenye bustani ile liliomba musamaha mu 2020, kisha miaka 114.

Tulipofika hapa, tulibishana mpaka usiku. Dada mumoja wa kikundi chetu alisema: «Munaona? Gordon alikuwa na haki. Fundisho lenyewe iko sumu.» Hatukumujibu mbio. Lakini tulipofikiri, tuliona ya kwamba sumu ilikuwa kupanga watu, wamoja juu, wengine chini karibu na nyani. Na kupanga kule ndiko sayansi ya leo imekuangusha. Darwin alichukia utumwa, ijapo mu kitabu chake cha 1871 aliandika juu ya watu wa inchi zingine maneno ambayo hatuyapendi. Mu kitabu kile kile alifikiri ya kwamba mababu wa mutu waliishi Afrika. Wazungu wengi walikataa wazo lile. Walitaka mutu wa kwanza awe wa kwao. Mu Februari 1925, mwezi mumoja tu mbele ya sheria ya Tennessee, Raymond Dart alitangaza kichwa cha mutoto wa zamani kilichopatikana Taung, Afrika ya Kusini. Mu 1974 wakapata mifupa ya Lucy, Etiopia, ya miaka milioni 3 na zaidi. Kwetu, ku Ishango, fasi muto Semliki unatoka mu ziwa, Mubeleji Jean de Heinzelin alipata mu 1950 mufupa wenye mistari ya kuhesabu, wa miaka karibu 20.000. Na wenye kusoma damu ya watu wanasema ya kwamba watu wote wa dunia, Muzungu, Muchina, Muhindi, wako na mizizi yao hapa Afrika, na kwamba Waafrika wawili wanaweza kutofautiana kati yao kupita namna mumoja wao anatofautiana na muzungu.

Kwa hiyo, kama evolisio ingeondolewa mu masomo yetu, wanafunzi wangebakia na ile evolisio ya barabarani tu, ile ya Hornaday, yenye kusema fulani iko karibu na nyani. Ile yenye kuijibu wangeikosa.

«UPANDE KWA UPANDE»

Turudie sasa wazo lililopendeza watu wengi. Mu 1968 tribinali kubwa ya Marekani ilifuta sheria ya Arkansas iliyokataza evolisio. Aliyeipinga alikuwa mwalimu wa kike wa biolojia, Susan Epperson, naye Mukristo. Kisha pale, wale wenye kukataa evolisio waligeuza njia. Walisema: basi tufundishe mafundisho mawili sawasawa. Mu 1981 Arkansas iliweka sheria ya namna ile.

Nani alienda ku tribinali kuipinga? Sisi tulifikiri ni wapagani. Haiko vile. Jina la kwanza mu kesi ni la muchungaji wa Kimethodisti, William McLean. Pamoja naye kulikuwa maaskofu wa Kimethodisti, wa Kianglikana na wa Kikatoliki, askofu wa kanisa la Methodisti la weusi, na wachungaji wa Kipresbiteri na wa Kibaptisti. Waliona ya kwamba kugeuza Mwanzo kuwa somo la sayansi ni kuishusha. Mu Januari 1982, muamuzi William Overton aliwapatia haki. Alisema ya kwamba sayansi inafuata sheria za vitu vya asili, inakubali kupimwa, na iko tayari kubadilika kama vipimo vinaipinga. Fundisho lile halikukubali hata moja. Tribinali kubwa ilifuta sheria kama ile ya jimbo la Louisiana mu 1987.

Kuko na mara ingine, mu muji wa Dover, Pennsylvania. Mu 2004 halmashauri ya masomo iliamuru watoto wasomewe tangazo dogo lenye kuwapeleka ku kitabu kimoja juu ya «mupangaji mwenye akili.» Walimu wa biolojia walikataa kulisoma. Wazazi 11 walishitaki. Mu kesi kulionekana maandishi ya zamani ya kitabu kile: fasi zile zile zilizokuwa na neno «uumbaji,» kisha uamuzi wa 1987 waliweka neno ingine tu. Muamuzi John Jones, Mulutheri, aliyewekwa na Prezidenti Bush, alikata tarehe 20 Desemba 2005 ya kwamba hiyo ilikuwa dini iliyovaa nguo ya sayansi. Na mwalimu wetu wa dini, aliposikia habari ile, alisema neno moja: kubadilisha jina la Mungu ili apite ku mulango wa sayansi, hiyo haiko kumushuhudia.

MULANGO NA DIRISHA

Sasa jambo ambalo tulisikilizana. Marekani, sheria ya inchi inakataza masomo ya Leta kufundisha dini kama imani ya kufuata. Mulango wa dini umefungwa, njo maana watu walijaribu kupitia dirisha la biolojia. Kwetu mulango uko wazi. Masomo haya ni ya Kanisa na ya Leta pamoja. Wazazi wanakumbuka: mu 1974 Leta ilinyanganya makanisa masomo yao, na saa ya dini ikaondolewa. Tarehe 26 Februari 1977 kukawa mapatano, makanisa yakarudishiwa kazi ya kuongoza masomo, na programu ikabakia ya Leta. Tangu pale, mwanafunzi wa masomo ya Kiprotestanti anaweza kusoma biolojia saa ya tatu na dini saa ya tano, mu nyumba moja, bila kuogopa polisi wala tribinali. Wale wazazi wa Arkansas hawakukuwa na bahati hiyo.

Kwa nini basi kuingiza saa ya tano ndani ya saa ya tatu? Tunaona shida mbili.

Ya kwanza ni hii: uumbaji wa nani? Leta haiko na dini. Katiba ya 2006 inasema vile ku kifungu cha kwanza. Kama programu ya biolojia inafungua fasi kwa Mwanzo, itafungua kwa wote. Wakuba wa Kasai wanaeleza juu ya Mbombo, aliyeumwa na tumbo akatapika jua, mwezi na nyota, kisha nyama na watu. Waluba wanamutaja Maweja Nangila. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo wako na Korani, yenye kusema Adamu aliumbwa kwa udongo. Mwalimu wa biolojia atawapatia wote saa ngapi? Na ku interogasio atakosolesha nani? Hatusemi ya kwamba habari za mababu zitupwe. Hapana. Zisomwe mu saa ya dini ao ya utamaduni, fasi mutu anaweza kuuliza zinatufundisha nini, bila kuzipatia pointi juu ya kumi sawa hesabu ya kemia.

Ya pili inaumiza imani zaidi. Ukiweka Biblia upande wa teoria ya sayansi na kusema «chagua moja,» umefundisha mutoto ya kwamba siku atakapoona mifupa ya Lucy ni lazima aache Biblia. Tunajua kaka moja aliyetoka hapa, akaenda universite, akakuta mambo haya mu mwaka wa kwanza, na mpaka leo haingie tena mu kanisa. Hakuna mutu aliyemuambia ya kwamba Francis Collins, aliyeongoza kazi kubwa ya kusoma urizi wa mutu mpaka ilipomalizika mu 2003, ni Mukristo wa kiinjili mwenye kukubali evolisio. Hakuna mutu aliyemuonyesha ya kwamba Mwanzo sura ya 1 inaweka mimea na nyama mbele ya mutu, na sura ya 2 inaanza na mutu. Wale wazee walioziweka pamoja hawakukuwa vipofu, walijua wanachofanya. Hata Jean Calvin, baba wa makanisa yetu mingi, alipoeleza Mwanzo, alisema Musa aliuita mwezi taa kubwa kwa namna mutu wa kawaida anavyouona, ijapo wenye kusoma nyota wanajua Saturne ni kubwa kuupita. Na mwenye kutaka kujifunza mambo ya nyota aende fasi ingine. Aliandika vile karibu miaka 300 mbele ya kitabu cha Darwin.

Lakini si wote mu kikundi chetu wanaona ya kwamba mambo yote yanaingiliana bila shida. Adamu alikuwa nani? Kama kifo kilikuwa mu dunia mbele ya mutu, tusome namna gani maneno ya Paulo ku Waroma sura ya 5? Mwalimu wa dini alisema haya ni maulizo ya kweli na kwamba wateolojia wako na majibu mbalimbali. Hatukuyamaliza. Tunasema tu, fasi ya kuyauliza ni saa ya dini, na mwalimu wa biolojia asiyajibu kwa kucheka, wala mwalimu wa dini asiyajibu kwa kusema Darwin alikuwa mulevi. (Yalisemwa. Haiko kweli.)

Na juu ya zero? Mwenzetu aliona ya kwamba ku egzame ya Leta hakuna mutu atakayemuuliza anaamini nini. Wataomba aonyeshe ya kwamba anajua. Mwalimu alimupatia ulizo lile mara ya pili. Mwenzetu aliandika juu ya damu AS na juu ya samaki za Tanganyika, mistari kumi na miwili, na chini yake akaongeza: «Hivi ndivyo biolojia inafundisha. Mimi naamini Mungu ndiye aliumba.» Mwalimu alimupatia pointi zote, na mustari wa mwisho hakuuguza na kalamu nyekundu.

Baba yake bado hakubali evolisio, na alituomba tuliandike wazi. Lakini Bwana Prefe alimualika, naye akaitika. Siku ya Ine, saa ya tano, yeye ndiye atafundisha Mwanzo sura ya 1 na ya 2 mu salle kubwa, kwa wafinalisti wote. Mwalimu wa biolojia ameomba ruhusa ya kuja kusikiliza, na alisema atakaa ku banki ya nyuma pamoja na sisi. Wenye maulizo wayaandike ku karatasi bila kuweka jina, wayapatie mukubwa wa darasa mbele ya siku ya Tatu jioni.